Vuka na pantoni, fuata maji: mwongozo wa pwani ya Kigamboni kutoka Feri hadi Gezaulole na Kimbiji

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, inaishia kwenye hoteli ya kwanza ya ufukweni. Watu wanavuka, wanakaa kwenye kivuli cha makuti, wanaagiza soda na chipsi, wanaogelea kidogo, wanapiga picha na kurudi. Hakuna ubaya, lakini pwani yenyewe inaanza pale wanapogeukia. Mbele ya Mjimwema, zilipo hoteli hizo, kuna vijiji vya wavuvi na wakulima, magofu yaliyoutangulia mji huu, mikoko, miamba inayoachwa wazi maji yanapopwa, na fukwe ambazo kasa bado wanapanda kutaga. Yote haya yanafikika kwa siku moja au mbili, kwa nauli za kawaida, bila wakala wa utalii.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: panga safari kwa kufuata maji ya bahari, saa ya mkononi ije baadaye. Ufukwe uleule ni mahali tofauti kabisa maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, na anayefika bila kujua anakutana na kipi hupoteza nusu ya siku akisubiri.

Anza na mwezi

Kabla ya kuchagua siku, angalia mwezi wa angani au kalenda ya Kiislamu ya ukutani. Siku za mwezi mwandamo, na zile za mwezi kumi na nne, kumi na tano, bahari huwa na bamvua: maji yanakwenda mbali sana yakipwa na yanapanda juu sana yakijaa. Katika pwani hii ya Dar, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa karibu na saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata sogeza mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayaendi mbali wala hayapandi sana, na mpangilio umegeuka, yamejaa asubuhi na kupwa alasiri.

Ukishajua hilo, siku inajipanga. Unataka kutembea juu ya mwamba, kuona wanawake wakichokoa pweza na watoto wakitafuta kaa? Nenda siku za bamvua, uwe ufukweni saa 3 asubuhi. Unataka kuogelea au kwenda kisiwani kwa chombo bila kukokota miguu kwenye matope? Siku za maji mafu ni rafiki zaidi. Ukitaka vyote, chagua siku moja au mbili baada ya bamvua: asubuhi unatembea, jioni unaogelea palepale ulipotembea.

Upepo nao una neno lake. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka na manahodha wengi hawapendi kutoka mchana. Kaskazi, Desemba hadi Februari, kuna joto kali lakini maji huwa na uangavu. Wakati mzuri kuliko wote ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana na bahari ikatulia. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa utelezi na madimbwi. Kama huna haja ya lazima, subiri ipite.

Begi liwe jepesi: maji ya kunywa, kofia, kanga au kikoi, noti ndogondogo, mfuko wa kurudishia taka zako mjini, na viatu vya mpira vinavyobana mguu. Viatu hivyo usivisahau. Kwenye mwamba kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyama, na kandambili ya kawaida huvutwa na tope ukabaki peku.

Feri, upande wa mjini

Kama unatoka Kimara au Ubungo, mwendokasi wa Kivukoni unakushusha hatua chache kutoka Feri, pantoni inapoegesha. Wengine wapande daladala zinazoishia Posta au Kivukoni, watembee kidogo kando ya bahari. Fika mapema, saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, kwa sababu kabla ya kuvuka kuna kitu cha kuona: soko la samaki.

Ingia sehemu ya mnada. Samaki wamemwagwa juu ya meza za saruji zinazochuruzika maji, dalali amesimama katikati, anataja bei kwa kasi huku macho yake yakizunguka kwa wanunuzi, na anayekubali huashiria kwa nyusi au kidole tu. Hapa utawaona changu, kolekole, vibua, nguru aliyekatwa vipande, taa, pweza waliorundikwa kwenye ndoo, na ngisi. Simama pembeni, wenyewe wako kazini na wenye matenga kichwani hawana breki. Wakisema "mguu, mguu", pisha. Ukiomba ruhusa kabla ya kupiga picha utapewa mara nyingi. Ukipiga bila kuomba utasikia maneno, na watakuwa na haki.

Usinunue samaki wabichi saa hizi, utawabeba juani kutwa. Kula ni sawa: nyuma kuna wakaangaji wenye makarai makubwa, na pweza wa moto mwenye ndimu na pilipili ni kifungua kinywa ambacho mimi sikibadilishi na chapati.

Juu ya pantoni

Tiketi inakatwa kabla ya geti, na siku hizi wengi hupita kwa kadi ya malipo iitwayo N-Card. Kama unavuka mara kwa mara, kadi inakuondolea usumbufu wa chenji. Nauli ya mtembea kwa miguu kwenye pantoni za serikali ilipandishwa kutoka Sh 100 hadi Sh 200 mwaka 2012, na mjadala wake wengi bado wanaukumbuka. Uliza dirishani bei ya siku hiyo, hasa kama una baiskeli, pikipiki au mzigo mkubwa.

Asubuhi ya siku ya kazi unasafiri kinyume na umati. Maelfu wanatoka Kigamboni kuja mjini, wewe unakwenda na pantoni yenye nafasi. Jioni hali ni hiyo hiyo kwa upande wako. Jumapili na sikukuu ni habari nyingine: foleni huanza mapema pande zote, na Idd Pili usiithubutu kama una watoto wadogo. Ningechagua Jumanne hadi Alhamisi, au Jumamosi alfajiri.

Ukifunguliwa geti usikimbie. Weka simu mfuko wa mbele, shika mkono wa mtoto, panda kwa utaratibu, na kama kuna ngazi ya kwenda juu ipande. Safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini unakatiza mlango wa bandari, na meli kubwa ikiwa inaingia pantoni husubiri ipite. Meli ya makontena ikipita karibu hivyo, shingo inauma kwa kuangalia juu. Ukigeuka nyuma utaona minara ya makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu. Kamera iwe kwa bahari na makanisa tu. Ikulu iko upande mmoja na kambi ya Jeshi la Wanamaji upande wa pili, na huko hakupigwi picha.

Mwenye gari anaweza kupita Daraja la Nyerere kutokea Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680. Linalipiwa kwa gari na linaokoa muda. Hata hivyo napenda kushauri hivi: kwenda panda pantoni, kurudi pita darajani. Anayeanza safari ya bahari kwa kuikanyaga bahari anafika akiwa tayari ametulia.

Ng'ambo

Ukishuka utakaribishwa na sauti nyingi: bodaboda, bajaji, makondakta. Kulia na kushoto kwako ni Kigamboni ya mjini, na karibu na maji kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoanza mwaka 1961 kama Chuo cha Kivukoni. Stendi ya daladala iko mbele kidogo. Soma kibao cha gari, kisha muulize tena kondakta kwa kutaja jina la kituo unachoshukia, maana magari yanayoanzia hapa yanatawanyika Mjimwema, mengine yanakwenda Kibada na Kongowe, mengine njia ya pwani.

Kwa mtu mmoja au wawili wanaokwenda Gezaulole tu, daladala inatosha. Kwa familia, au kama mnataka kusimama njiani, kodini bajaji ya kutwa. Patana naye kabla hajawasha: mnakwenda wapi na wapi, atasubiri saa ngapi, mtamlipa kiasi gani na lini. Mlipe nusu mwishoni. Mchukue namba ya simu, kwani atakuwa mwenyeji wenu kwa siku nzima, na kijana wa huku anajua barabara gani imekatika na nyumba gani wanapika vizuri.

Gezaulole na magofu ya Mbwamaji

Kama una siku moja tu, itumie hapa. Gezaulole ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa, ikajulikana nchi nzima wakati ule, lakini watu walikaa hapa karne nyingi kabla. Mbwamaji, mji wa zamani wa Waswahili uliokuwa hapa ufukweni, ulikuwepo wakati Sayyid Majid wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860.

Kwanza piga hodi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au muulize mzee wa kwanza utakayemkuta kibarazani, baada ya shikamoo na kuulizana hali kwa utulivu. Sema umetoka wapi na unataka kuona nini. Omba mtu wa kukutembeza na mpe malipo yake mkononi mwake. Ukifanya hivi, nusu saa baadaye kila mtu anajua wewe ni mgeni wa nani, na hutasumbuliwa na yeyote. Mavazi yawe ya heshima: ya kuogelea yabaki ufukweni, na kina dada wawe na kanga ya kujifunga wakipita mitaani na makaburini.

Ukifika kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, usipite haraka. Angalia ukuta kwa karibu, uso wako ukiwa kama shubiri moja tu kutoka kwenye jiwe. Utaona vishimo vidogo vya duara vimepangana kama sega la nyuki: hayo ni matumbawe, mawe yaliyowahi kuwa hai baharini. Kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa nyeupe, nayo imetokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo hadi yakawa unga. Tafuta kibla. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu, ukuta wa kibla katika misikiti ya huku hutazama kaskazini, hivyo ukishaujua unazijua pande zote nne bila dira.

Usipande juu ya kuta wala kukaa juu ya kaburi. Vigae vya vyombo utakavyoviona chini viache vilipo, hata kimoja kidogo. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kigae kikiondoka mahali pake hakimwambii mtafiti tena kitu chochote. Ukikuta kitambaa, ubani au sahani imewekwa kaburini, kuna mtu alikuja kuomba dua. Punguza sauti, pita kando.

Chakula cha mchana kiagize mapema, ukifika asubuhi, kwa sababu hapa hakuna kilichopikwa kikisubiri mgeni. Nazi itakunwa, mchele utachambuliwa, samaki atatafutwa. Mwenyeji wako atakuelekeza kwa mama anayepika. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, kisamvu na dafu la kushushia, ukikaa mkekani kivulini mwa mwembe, vinashinda menyu yoyote ya hoteli ninayoijua Kigamboni, na fedha yote inabaki kijijini.

Kuhusu ngoma: Wazaramo wana mdundiko, na ukiwa na bahati ya kukuta harusi au mwali anatolewa utausikia kabla hujauona, na kundi likipita barabarani unaweza kufuata na kucheza. Usiombe upangiwe onyesho la papo kwa papo, na mambo ya ndani ya unyago usiyaulize. Hayo si ya wageni, na hata wenyeji huambiwa kwa zamu yao.

Kutembea maji yakiwa yamepwa

Shuka saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, yafuate yanavyorudi nyuma. Omba kufuatana na wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza. Mmoja atakuonyesha tundu ambalo wewe unaona jiwe tu: mawe madogo na maganda ya kombe yamepangwa mlangoni, na ndiyo dalili kwamba mwenye nyumba yumo. Kijiti kinaingia, kinazungushwa polepole, na mkono mmoja wa pweza unajitokeza kukikamata.

Kanyaga mchanga na mwamba uliokufa, matumbawe yaliyo hai yaache. Jiwe ukiligeuza, lirudishe kama lilivyokuwa, kwa sababu chini yake kuna mayai na vijusi vya viumbe wengi. Kombe na makoa mazuri yaangalie, yapige picha, yaache.

Kisha angalia saa. Maji yakianza kurudi, saa ya kwanza huja kwa upole na humshawishi mtu kuendelea kukaa. Saa ya tatu na ya nne ndizo huja na kasi, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Mifereji iliyo kati yako na ufukwe hujaa kabla ya pale ulipo. Kwa hiyo wenyeji wakianza kurudi, rudi nao, hata kama bado unaona kukavu pande zote.

Mikoko

Mahali vijito vinapoingia baharini utakuta mikoko, na wavuvi watakutajia miti yake moja moja. Mkoko wenyewe una mizizi iliyojipinda juu ya maji, mchu unatoa vijiti vinavyosimama wima kwenye tope, na kuna msinzi, mkandaa na mlilana. Humo ndimo kamba na samaki wengi hukulia wakiwa wadogo. Kukata bila kibali ni kosa. Nenda na mtu anayejua njia, maji yakiwa yanajaa na mtumbwi ukipita, kwa sababu kwa miguu tope hufika magotini.

Sinda

Kisiwa cha Sinda kiko mbele ya fukwe za Mjimwema na ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na visiwa vya Kendwa na Makatobe. Kuna ada ya kuingia, idai risiti. Panga chombo siku moja kabla, ondoka asubuhi, rudini kabla upepo wa mchana haujakaza. Kabla ya kupanda hesabu makoti ya kuokolea maisha. Kama ni pungufu ya watu waliomo, usipande, nahodha aseme atakavyosema. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na mrudishe taka zote.

Kimbiji, kwa anayelala

Kimbiji iko mbali zaidi kusini, na ningeshauri ulale usiku mmoja badala ya kukimbizana na jua. Fukwe za upande huu wa Kigamboni hutagwa na kasa. Shirika la Sea Sense limefanya kazi miaka mingi na wanavijiji wa pwani yetu kulinda viota, na wapo wenyeji waliofunzwa kuvitambua, kuvilinda na kuhesabu vinavyoanguliwa. Waulize wao kama kuna kiota kinachokaribia. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na anayejua tarehe ya kutagwa anaweza kukadiria siku ya kutoka.

Ukibahatika kuona watoto wa kasa wakitoka, kaa nyuma yao na pembeni, usisimame kati yao na bahari. Zima tochi na mwanga wa simu: wanaelekea kwenye mwangaza wa maji usiku, na taa yako inawapoteza. Usiwabebe hata ukiona mmoja amechelewa. Ukikuta mama anapanda kutaga, lala chini ulipo na unyamaze hadi aanze kutaga, kwani akishtuka hurudi baharini bila kutaga. Nyama ya kasa au mayai ukiuziwa, kataa, na umweleze mwenyeji wako.

Kurudi

Kutoka Gezaulole anza safari saa 10 na nusu jioni, na kutoka Kimbiji mapema kuliko hapo, kwa sababu daladala hupungua jua likishuka na bajaji hupandisha bei. Kama unataka samaki wa nyumbani, nunua ufukweni kijijini wakati vyombo vinarudi. Angalia jicho liwe angavu na limetuna, matamvua yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi yenyewe. Omba uwekewe barafu kwenye ndoo yenye mfuniko, kwani pantoni si mahali pa kumwaga maji ya samaki kwenye miguu ya wenzako. Mlipe dereva wa bajaji nusu iliyobaki, na kama alikuwa mtu mwema, hifadhi namba yake kwa bamvua ijayo.